Kumbikumbi: Jinsi ya kuwakamata, kuwaandaa na kuwahifadhi nyumbani bila kuhatarisha afya

Mvua za kwanza za vuli zikishanyesha Morotonga, haichukui siku nyingi kabla taa zinazowaka nje usiku kuanza kuzungukwa na wadudu wenye mabawa marefu. Watoto hutoka na beseni, mama huleta ndoo yenye maji kidogo, na kunapokucha uwanja mzima umetapakaa mabawa makavu huku kuku wakimalizia waliobaki. Hao ndio kumbikumbi, kitoweo ambacho hakifugwi wala hakipandwi, na ambacho huja kwa siku chache tu kila mwaka.

Kwa kaya nyingi za wilaya za Serengeti na Tarime, siku hizo chache zina maana kubwa. Huo ni wakati ambao ghala limepungua, mahindi mapya bado yako shambani na nyama si ya kila siku. Kumbikumbi wakiandaliwa vizuri huleta mezani protini, mafuta na madini ya chuma bila mtu kutoa hata shilingi. Lakini wakiandaliwa au wakihifadhiwa vibaya wanaweza kuumiza, na mara chache wameua.

Katika makala hii tunaeleza hatua kwa hatua: kumbikumbi ni nini, wanakamatwaje, wapi wasiokotwe, wanasafishwaje, wanapikwaje, wanakaushwaje, na ni dalili zipi zikionekana baada ya kula mtu akimbizwe hospitali.

Kumbikumbi ni nini hasa?

Kumbikumbi si mdudu wa aina ya peke yake. Ni mchwa waliokomaa na kuota mabawa, tayari kuondoka kwenye kichuguu walimozaliwa ili kuanzisha makazi mapya. Ndani ya kichuguu kimoja kuna mfalme na malkia, kuna wafanyakazi wanaojenga na kutafuta chakula, na kuna askari wenye vichwa vikubwa na taya kali. Kumbikumbi ni kundi la nne: madume na majike yatakayokuwa wafalme na malkia wa kesho.

Wanaoliwa zaidi Afrika Mashariki ni wale wa jamii ambayo wanasayansi huiita Macrotermes, mchwa wakubwa wanaojenga vichuguu virefu vya udongo tunavyoviona mashambani na machungani. Mchwa hawa ni wakulima. Ndani ya kichuguu hulima ukungu juu ya mabaki ya nyasi na miti waliyoyatafuna, nao hula ukungu huo. Uyoga mkubwa mweupe unaochomoza kwenye kichuguu baada ya mvua hutoka katika shamba hilohilo la chini ya ardhi.

Mvua ikilowesha udongo, wafanyakazi hutoboa matundu ya kutokea na kumbikumbi huruka kwa makundi. Wakitua hukata mabawa yao wenyewe, dume na jike hufuatana na kuchimba shimo dogo. Wanaofanikiwa ni wachache mno. Wengi huliwa na ndege, vyura, mijusi, kanga na binadamu. Ndiyo maana kuwakusanya wale walioruka hakukiangamizi kichuguu, kwa kuwa malkia aliyebaki ndani huendelea kutaga na msimu ujao atatoa wengine. Anayebomoa kichuguu ili kumchimbua malkia ndiye anayejinyima kitoweo cha miaka inayofuata.

Majina ni mengi kadiri ya watu. Wajaluo huwaita ngwen na Waganda huwaita enswa. Ukisafiri kusini hadi Malawi utawakuta sokoni wakiitwa ngumbi, jina ambalo sikio la Mswahili halishindwi kulitambua.

Wakati wa kuwakamata

Mkoa wa Mara una misimu miwili ya mvua, vuli kuanzia mwishoni mwa mwaka na masika kuanzia Machi hadi Mei. Kumbikumbi hutoka zaidi mwanzoni mwa mvua, baada ya ardhi iliyokauka kupata maji ya kutosha. Dalili ambazo wazee huziangalia ni mvua nzuri ikifuatiwa na hali ya hewa tulivu isiyo na upepo mkali, pamoja na matundu mapya yenye udongo mbichi ubavuni mwa kichuguu, yakilindwa na askari.

Aina zote haziruki saa moja. Wapo wanaotoka alasiri jua likiwa bado linaonekana, wapo wanaotoka jioni, na wapo wanaotoka usiku au alfajiri. Wale wa usiku ndio wanaofuata taa.

Njia tatu za kuwakamata

Njia ya kwanza ni ya taa na maji. Weka beseni pana au ndoo yenye maji safi chini ya taa. Kumbikumbi huja kwenye mwanga, hugonga taa na kuanguka majini, na mabawa yakishalowa hawawezi kuruka tena. Taa ya sola au tochi inafaa. Ukitumia kandili au moto, usiuweke karibu na paa la nyasi wala usiwaachie watoto peke yao.

Njia ya pili ni ya kufunika kichuguu. Watu huchomeka fito kuzunguka matundu, hutandaza majani, blanketi au shuka juu yake na kuacha upenyo mmoja wenye mwanga. Chini ya upenyo huo huchimbwa kishimo au huwekwa chombo. Kumbikumbi hufuata mwanga na kudondokea humo.

Njia ya tatu ni ya kuwaita. Katika maeneo ya magharibi mwa Kenya na Uganda watu hupiga ardhi au vipande vya miti juu ya kichuguu kwa mdundo wa haraka unaofanana na matone ya mvua, ili aina fulani za kumbikumbi watoke. Wanaoijua kazi hiyo hufundishana kizazi hadi kizazi, na si kila kichuguu huitika.

Usitumie chandarua cha kuzuia mbu kuwanasia wala kuwaanikia. Vyandarua vinavyogawiwa kwenye zahanati na shuleni vimewekwa dawa ya kuua wadudu. Dawa hiyo inafaa pale kitandani kwako, haifai kugusa chakula. Tumia shuka safi, turubai lililooshwa au mkeka.

Mahali pa kuepuka

Kabla ya kusogeza beseni, jiulize kichuguu hicho kiko wapi na kimefanyiwa nini.

Mashamba ya pamba na bustani za mboga hupuliziwa sumu ya kuua wadudu mara kwa mara, na wapo wanaomwaga sumu moja kwa moja kwenye kichuguu ili mchwa wasile mahindi au nguzo za nyumba. Kumbikumbi wanaotoka hapo wasiliwe. Kukaanga hakuondoi sumu ya shambani. Kama shamba si lako, muulize mwenyewe. Ukikuta kumbikumbi wengi wamekufa chini bila sababu ya wazi, waache na uwafungie kuku wasiwadonoe.

Epuka pia waliodondoka kando ya vyoo, kwenye majalala, kwenye mitaro ya maji machafu na chini ya taa za barabarani ambako magari hupita.

Kwa vijiji vinavyopakana na hifadhi, mpaka ni mpaka hata kwa mdudu. Hairuhusiwi kuingia ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti kukusanya chochote, na mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti nayo yana sheria zake. Mbali na sheria, usiku wa kumbikumbi hauwavuti binadamu peke yao. Muhanga na fisi wa nkole hula mchwa, nyoka hujificha kwenye matundu ya vichuguu, na tembo na fisi hutembea gizani. Nendeni zaidi ya mmoja, vaeni viatu vinavyofunika mguu, mulikeni kabla ya kukanyaga, na msitumbukize mkono kwenye tundu.

Kusafisha: kazi isiyotaka haraka

Kumbikumbi wazuri ni wale walio hai hadi wanapofika jikoni. Mdudu aliyekufa huanza kuharibika haraka, hasa akiwa amelowa na kurundikwa na wenzake. Kwa hiyo panga kazi yako ili wanaokamatwa usiku wapikwe usiku huohuo au mapema asubuhi.

Fanya hivi:

1. Wamwage kwenye ungo au chujio maji yatoke. Wachambue kwa mkono, ukitoa askari wenye vichwa vikubwa, wadudu wengine, majani, mawe na wale waliokwisha kufa na kubadilika rangi.

2. Waoshe kwa maji safi mara mbili au tatu, ukiwageuza kwa upole ili udongo uondoke. Mabawa mengine yataelea, yaondoe.

3. Wachuje vizuri. Wakibaki na maji mengi watachemka badala ya kukaangika, na mabawa yatawaganda mwilini.

Usihangaike kuyatoa mabawa yote moja moja. Moto na upepo vitaifanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Kupika: wanajikaanga kwa mafuta yao

Weka chungu au kikaango kikavu kwenye moto wa wastani. Usiweke mafuta. Mimina kumbikumbi kiasi cha kufunika sehemu ya chini, wasizidi unene wa vidole viwili, kisha koroga kwa mwiko bila kuacha. Kwanza watatoa mvuke. Baada ya dakika chache utasikia mlio wa kupasukapasuka na mafuta yao yataanza kung'aa kwenye chungu. Wakibadilika kuwa kahawia na kuanza kutoa harufu inayofanana na ya karanga zilizokaangwa, punguza moto, nyunyiza chumvi na uendelee kukoroga hadi wakauke na kuwa wakavu mdomoni.

Epua na wamwage kwenye ungo wapoe. Sasa mabawa yamekauka na kuwa mepesi kama makapi. Wafikiche taratibu kwa viganja, kisha wapepete. Mabawa yatapeperuka na kitoweo kitabaki.

Wapo wanaopenda kuwachemsha kwanza kwa dakika tano hivi katika maji yenye chumvi, kuwachuja, kisha kuwakaanga au kuwaanika. Hatua hiyo huua vijidudu vingi vinavyotoka kwenye udongo, hivyo tunaipendekeza hasa kwa wanaotaka kuwahifadhi kwa muda mrefu. Kuwala wakiwa hai au wabichi, kama watoto wanavyofanya chini ya taa, si salama. Mdudu aliyetoka udongoni hubeba vijidudu vya udongoni.

Kuwaandaa mezani

Namna rahisi ni kuwala walivyo, wakiwa wa moto, pamoja na ugali wa mtama, wa ulezi au wa muhogo na mboga za majani pembeni. Kiganja kimoja kwa mtu mzima kinatosha kwa mlo. Kumbikumbi wana mafuta mengi, na anayekula bakuli zima kwa mara moja anaweza kuumwa tumbo au kuharisha hata kama hawana tatizo lolote.

Namna ya pili ni mchuzi. Kaanga kitunguu katika mafuta kidogo sana, weka nyanya zilizokatwa na uziache ziive hadi ziwe rojo. Ongeza kumbikumbi waliokwisha kukaangwa na kupepetwa, weka maji nusu kikombe na chumvi, funika kwa dakika tano hadi kumi. Ukipenda mchuzi mzito, weka karanga zilizosagwa. Mchuzi huu haukai hadi kesho bila jokofu, upikwe na uliwe.

Namna ya tatu ni unga. Kumbikumbi waliokauka vizuri hutwangwa kwenye kinu au husagwa, kisha kijiko kimoja au viwili huongezwa kwenye uji wa ulezi au kwenye mboga inapokaribia kuiva. Njia hii inawafaa watoto wadogo na wazee wasio na meno. Mtoto chini ya miezi 6 anyonye maziwa ya mama pekee. Baada ya hapo anaweza kupewa unga huu katika uji kwa kuanzia kiasi kidogo sana, lakini asipewe kumbikumbi mzima kwa kuwa anaweza kumpalia.

Jambo moja la adabu: ukiwa na mgeni, muulize kabla ya kuandaa. Wapo wasiokula kwa mazoea tu, na wapo wanaojizuia kwa imani. Baadhi ya Wasabato, ambao ni wengi mkoani Mara, hufuata mpangilio wa Mambo ya Walawi sura ya 11, ambayo inataja nzige na panzi kuwa wanaliwa lakini haimtaji kumbikumbi. Kumuuliza mgeni hakupunguzi ukarimu wa nyumba. Kumlisha bila kujua ndiko kunakoleta fedheha.

Kukausha na kuhifadhi

Msimu hupita haraka, kwa hiyo walio wengi hutaka akiba. Siri ya akiba ni ukavu. Vijidudu na ukungu huhitaji unyevu, ukiuondoa umeviondolea uhai.

Baada ya kuwachemsha au kuwakaanga kidogo, watandaze tabaka jembamba juu ya mkeka, turubai safi au chanja iliyoinuliwa kutoka ardhini, mahali penye jua na upepo. Wageuze mara kadhaa kwa siku, wafunike kwa kitambaa chepesi kisichokuwa na dawa ili kuzuia inzi na kuku, na waingize ndani jioni kabla umande haujashuka. Kwa jua zuri, siku 2 au 3 zinatosha. Katika siku za mawingu, warudishe kwenye chungu juu ya moto mdogo badala ya kuwaacha nusu wakavu.

Utajuaje kuwa wamekauka? Mchukue mmoja umvunje. Akikatika kwa mlio na kuwa unga, amekauka. Akipinda au kubonyea, bado.

Waache wapoe kabisa kabla ya kuwafunika. Wakifungwa na joto, mvuke wao hugeuka kuwa maji ndani ya chombo na kazi yote inaharibika. Tumia ndoo yenye kifuniko, kopo au chupa kavu, na uweke mahali pa baridi pasipo na jua. Kwa sababu ya mafuta waliyonayo, hata waliokauka huanza kuchacha baada ya muda. Ukisikia harufu ya mafuta ya zamani au ladha ya uchungu inayokereketa, usiwale.

Ukiona ukungu wa kijani, mweusi au mweupe, mwaga wote, usiokote wale wanaoonekana wazima. Baadhi ya ukungu hutengeneza sumukuvu, ambayo haionekani kwa macho wala haiondoki kwa kupika. Mwaka 2016 nchi yetu ilipata msiba mikoa ya Dodoma na Manyara watu walipougua na wengine kufariki kwa sumukuvu iliyokuwa katika nafaka. Kinachotokea kwenye mahindi kinaweza kutokea kwenye kitoweo chochote kilichohifadhiwa na unyevu.

Hatari ya mfuko uliofungwa

Hapa tunaomba usomaji wa makini, kwa kuwa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote.

Mwaka 1980 jarida la madaktari wa Uingereza, British Medical Journal, lilichapisha taarifa kuhusu mlipuko wa ugonjwa wa botulizimu nchini Kenya uliotokana na kula kumbikumbi. Ugonjwa huo hausababishwi na sumu iliyomo ndani ya mdudu. Husababishwa na bakteria wanaoishi kwenye udongo, ambao hujifunika kwa ganda gumu na kusubiri. Bakteria hao hawapendi hewa. Wakikaa mahali penye unyevu, joto na pasipo na hewa, hujifungua, huzaana na kutoa sumu inayolemaza mishipa ya fahamu. Kiasi kidogo sana cha sumu hiyo kinatosha kuua.

Sasa fikiria kumbikumbi wabichi au nusu wabichi, waliotoka udongoni, wamejazwa kwenye mfuko wa plastiki, wamefungwa fundo na kusafirishwa kwa siku kadhaa kumpelekea ndugu mjini. Unyevu upo, joto lipo, hewa haipo. Hayo ndiyo mazingira ambayo bakteria hao huyahitaji.

Kuchemsha kwa kawaida jikoni hakuliui ganda lao, ndiyo maana hata waliochemshwa wasifungwe wakiwa na maji. Sumu yenyewe huharibika ikichemshwa sawasawa kwa zaidi ya dakika tano, lakini usijaribu kuokoa chakula ulichokitilia shaka. Kitupe mbali na mifugo. Na usitegemee pua, kwa maana chakula chenye sumu hii kinaweza kisionyeshe dalili yoyote.

Kwa hiyo unapomtumia ndugu kitoweo, mtumie waliokauka hadi kuvunjika, na ukitumia mfuko uwe wa karatasi au wa kitambaa.

Dalili za botulizimu huanza kwa kawaida kati ya saa 12 na 36 baada ya kula, ingawa zinaweza kuchukua siku kadhaa. Mgonjwa huona vitu viwiliviwili au kwa ukungu, kope huanguka, mdomo hukauka, hushindwa kumeza, maneno humtoka kwa shida, kisha udhaifu hushuka kutoka usoni hadi mikononi na miguuni. Mara nyingi hana homa na akili zake ni timamu, jambo linalowafanya ndugu wadhani ni uchovu au kurogwa. Mwisho misuli ya kupumua hushindwa kazi.

Ukiona dalili hizo usisubiri kukuche. Mpeleke mgonjwa hospitali mara moja na uwaambie wahudumu alikula nini na lini. Kama chakula kilibaki, kibebe. Waulize na wengine waliokula naye hata kama bado wanajisikia vizuri. Matibabu yapo, ikiwemo dawa ya kuizuia sumu na mashine ya kusaidia kupumua, lakini yanafaa zaidi mgonjwa anapofika mapema.

Wengine wanaopaswa kuwa waangalifu

Mtu ambaye mwili wake hukataa kamba au kaa wa baharini ajihadhari na kumbikumbi, kwa kuwa wadudu wana protini zinazofanana na za viumbe hao. Dalili ni kuwashwa, kuvimba midomo au macho, vipele na kubanwa pumzi. Anayekula kwa mara ya kwanza aanze na wachache. Akibanwa pumzi, ni hospitali moja kwa moja.

Faida yake mwilini

Kumbikumbi waliokauka hubeba takriban theluthi moja au zaidi ya uzito wao katika protini, na mafuta yanaweza kukaribia nusu ya uzito. Wana pia madini ya chuma na zinki, ambayo watoto wengi na wajawazito hupungukiwa. Hawachukui nafasi ya vidonge anavyopewa mama kliniki wala ya mlo wa kila siku, lakini katika nyumba ambayo ugali na mchicha ndio mlo wa wiki nzima, kijiko cha unga wao kwenye uji wa mtoto si kitu kidogo.

Wala si chakula cha kuonea haya. Ripoti ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, ya mwaka 2013 ilieleza kuwa zaidi ya aina 1,900 za wadudu huliwa duniani. Kwetu Tanzania, ndugu zetu wa Kagera wameufanya msimu wa senene kuwa fahari yao, na senene waliokaangwa husafiri kutoka Bukoba hadi Dar es Salaam kama zawadi.

Kujifunza kwa walio mbali

Kusini mashariki mwa Asia kuna kitoweo kingine kinachotoka kwenye makazi ya viumbe warukao: kiota cha ndege. Ndege wadogo wanaofanana na mbayuwayu hujenga viota kwa mate yao yanayoganda, na watu wa China na nchi jirani huvinunua kwa bei kubwa. Mbayuwayu wa kwetu hujenga kwa tope, na viota vyao haviliwi. Mwandaaji wa kiota huko Asia hukiloweka kwa saa kadhaa, hukaa na koleo ndogo akitoa nyoya moja baada ya jingine, kisha hukipika taratibu kwa mvuke pamoja na sukari.

Hata kitoweo hicho cha matajiri hakikusalimika. Mwaka 2011 China ilisitisha kununua viota kutoka Malaysia baada ya kukutwa na kemikali ya naitraiti kwa kiwango cha juu, na biashara hiyo haikufunguka tena hadi taratibu za usafi na ukaguzi zilipowekwa. Bei kubwa haikuzuia tatizo. Kilichotakiwa ni usafi tangu kiota kinapovunwa hadi kinapofika mezani, na kwa kumbikumbi ni hivyohivyo.

Ukinunua sokoni

Anayenunua kwa kopo au sado aangalie mambo manne. Wawe wakavu na wanaovunjika. Wawe na harufu kama ya karanga, si ya kuchacha wala ya dawa. Wasiwe na ukungu, mchanga wala mabawa mengi. Na muuzaji awe tayari kueleza walitoka wapi na lini. Asiyejua jibu, mpite. Ukifika nyumbani wakaange tena kwa dakika chache kabla ya kula.

Kwa kifupi

Wakamate wakiwa hai, mahali pasipo na sumu. Waandae usiku huohuo. Waive sawasawa. Ukitaka akiba, wakauke hadi wavunjike na wapoe kabla ya kufunikwa. Usiwafunge wabichi kwenye mfuko, na usikubali kula waliofungwa hivyo hata kama wametumwa kwa upendo. Mtu akianza kuona viwiliviwili au kushindwa kumeza baada ya mlo, safari ni ya hospitali.

Na kichuguu kisibomolewe. Mvua za mwakani zitakuja, na watoto watatoka tena na beseni zao.